Uzi: Kuhamia Delft, mji mdogo wa kale wa Uholanzi. Tafuta anwani kabla ya kutafuta tiketi

Mtoto wa Ruvu (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikipokea ujumbe wa faragha kutoka kwa watu wanaojiandaa kuja Delft, wengine kwa masomo na wengine kwa kazi, na kwa kuwa maswali yao hayatofautiani sana nimeona ni heri niyajibu hapa, ili atakayekuja baada yao asilazimike kuanza upya. Delft ni mji ulio kati ya The Hague na Rotterdam, wenye wakazi laki moja na ushee, na watu wa idara za maji kwetu wanaufahamu kwa sababu ya IHE, taasisi ya elimu ya maji iliyoanzishwa mwaka 1957, ambayo wahandisi wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda wamepitia. Nami nilipita hapo. Nikarudi Morogoro, nikafanya kazi miaka minne, kisha nikaajiriwa huku na kurejea nikiwa na mke na mtoto wa miaka mitatu. Safari ya kwanza nilikuta chumba kinanisubiri na mtu wa kunielekeza kila hatua. Safari ya pili nilijitafutia kila kitu mwenyewe, na hiyo ya pili ndiyo iliyonifundisha haya ninayoyaandika.

Ningekuwa na uwezo ningelibandika neno hili mlangoni mwa kila ubalozi: anwani. Mtu anayekuja kukaa zaidi ya miezi minne anatakiwa kufika manispaa, ambayo wao huiita gemeente, ndani ya siku tano tangu awasili, ili aandikishwe katika daftari la wakazi. Akishaandikishwa hupewa BSN, namba ya utambulisho yenye tarakimu tisa, na bila namba hiyo mshahara, bima ya afya na akaunti ya benki vyote huanza kuleta matatizo. Kuna pia DigiD, ambayo ndiyo ufunguo wa kuingilia huduma za serikali mtandaoni; msimbo wa kuiwasha huja kwa barua ya posta, katika bahasha, kwenye anwani ile ile uliyoandikishwa. Mtoto naye hupata shule kwa kufuata anwani. Kwa hiyo mtu mwenye viza safi, kazi nzuri na fedha mfukoni anaweza kukaa wiki sita bila kutambulika popote, kwa sababu tu hana mahali panapokubalika kuandikwa kuwa ndipo anapoishi.

Hayo yalinipata. Dalali mmoja, ambaye sitamtaja, alinipangisha kwa njia ya mtandao ghorofa ya pili ya nyumba ya kale kando ya mfereji, nami nikiwa Morogoro nilizitazama zile picha kama mtu anayetazama kalenda ya ukutani. Nikalipa kodi ya mwezi wa kwanza, amana ya miezi miwili, na mwezi mwingine mzima kama ada ya dalali. Siku ya nne baada ya kufika tulikwenda manispaa, sisi watatu, tukiwa tumevaa vizuri. Mama wa kaunta aliupokea mkataba, akaupekua hadi ukurasa wa nne, akaweka kidole chini ya mstari mmoja, kisha akaigeuza karatasi ili nami niuone. Mstari ulikuwa wa Kiholanzi na ulisema kwamba mpangaji haruhusiwi kujiandikisha katika nyumba hiyo.

Yule mama alinieleza kwa upole kwamba sheria inataka kila mtu aandikishwe mahali anapolala kweli, na kwamba katazo la mwenye nyumba halilifungi daftari la manispaa. Lakini akaongeza kwamba mwenye nyumba anayekataza huwa mara nyingi ana jambo lake, pengine amepangisha watu wengi kuliko anavyoruhusiwa, na kwamba manispaa ingeweza kuja kukagua. Nilipompigia dalali, alinijibu kwamba nikijiandikisha nitatoka. Tulitoka wenyewe. Mfanyakazi mwenzangu kutoka Uganda alitupa sebule yake kwa mwezi mmoja, na baadaye tukapata nyumba Voorhof, mtaa wa maghorofa marefu ya miaka ya 1960, ambao hakuna mtalii anayeupiga picha lakini una lifti, joto la uhakika na mkataba usio na mafumbo.

Yapo mambo ambayo laiti ningeyajua mapema. Dalali anayemfanyia kazi mwenye nyumba haruhusiwi kumtoza mpangaji ada kwa nyumba hiyo hiyo, kwa hiyo ule mwezi wa ziada sikupaswa kuulipa. Tangu tarehe 1 Julai 2023 amana haitakiwi kuzidi kodi ya miezi miwili, bila kuhesabu umeme na maji. Ipo pia Huurcommissie, chombo ambacho mpangaji anaweza kukipelekea malalamiko ya kodi, na hakimuulizi ametoka nchi gani. Kabla ya kutuma hata senti moja, muulize mwenye nyumba kwa maandishi, kwa maneno haya haya: je, mimi na familia yangu tunaweza kujiandikisha hapo? Akijibu kwa kuzungukazunguka, mwache.

Sasa, kwa nini nyumba ni adimu kiasi hiki katika mji wenyewe? Delft ilipata hadhi ya mji mwaka 1246. Mwaka 1536 moto uliteketeza sehemu kubwa, na tarehe 12 Oktoba 1654 ghala la baruti lililipuka na kubomoa upande mmoja wa mji, hivyo kwamba nyingi ya nyumba unazoziona kando ya mifereji ni zile zilizojengwa upya baada ya majanga hayo na siku hizi haziruhusiwi kubadilishwa ovyo. Nyumba iliyosajiliwa kuwa urithi wa taifa huwezi kuibomoa ukapandisha ghorofa kumi. Wakati huo huo chuo kikuu cha ufundi, kilichoanza mwaka 1842, kina wanafunzi zaidi ya 25,000, na kila Agosti wanatafuta vyumba wote kwa pamoja. Ukifika Agosti bila nyumba umejiunga na foleni ambayo wenyeji wenyewe wanaiogopa.

Katika mwaka wa tatu tulihamia katikati ya mji, safari hii kwa mkataba safi, kwa sababu mke wangu alisema hakuja Uholanzi kutazama maegesho ya magari. Tuliishi huko miaka mitatu na sijutii, lakini nitasema ukweli wote. Ngazi za nyumba hizo ni nyembamba na zimesimama kama za kupandia mnazi. Unashuka ukiwa umegeukia nyuma, mkono mmoja ukiwa kwenye kamba iliyofungwa ukutani. Hakuna kabati wala godoro linalopita hapo. Ukitazama juu ya paa utaona boriti imechomoza ikiwa na kulabu, na hiyo si pambo: vyombo hufungwa kamba, huvutwa na kuingizwa kwa dirishani, kama walivyofanya babu zao, ingawa siku hizi wengi hukodi lifti ya kuhamia iliyofungwa kwenye gari. Madirisha yetu yalikuwa ya kioo cha tabaka moja, na Januari maji yalikuwa yakitiririka upande wa ndani kila asubuhi. Nilianza siku kwa kufuta dirisha kwa taulo. Kengele za kanisa la Nieuwe Kerk, ambazo zilitengenezwa na fundi wa kengele François Hemony katika karne ya 17, zilituimbia kutwa nzima kutoka katika mnara wenye urefu wa zaidi ya mita mia moja. Wageni walizilalamikia, lakini sisi baada ya mwezi hatukuzisikia tena.

Maswali karibuni. Nitajibu ninayoyafahamu.

Fundi Bomba wa Dodoma

Shikamoo kaka, na ahsante kwa uzi huu. Mimi nimepata nafasi ya shahada ya uzamili na ufadhili wa sehemu tu. Naomba kufahamu mambo mawili: nyaraka gani nizianze sasa hivi nikiwa bado nyumbani, na je, nitaweza kufanya kazi ndogondogo ili kufidia pengo?

Mtoto wa Ruvu

Marahaba, mdogo wangu. Hongera.

Anza na cheti cha kuzaliwa, leo. Nacho kinatakiwa kiwe cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje, kisha kithibitishwe na ubalozi wa Uholanzi, na kila kituo kina siku zake na foleni zake. Ukiwa umeoa, cheti cha ndoa kipitie njia hiyo hiyo. Manispaa za huku hupokea nyaraka za Kiholanzi, Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Ikiwa cheti chako kimeandikwa kwa Kiswahili peke yake, utahitaji mfasiri aliyeapishwa, na bei yake huku si ya kirafiki. Viza ya kuingilia, ambayo huitwa MVV, chuo ndicho kitakachokuombea kwa idara ya uhamiaji, IND, kwa hiyo usimlipe mtu yeyote wa mtaani anayedai kuwa na njia ya mkato. Ukishafika utapimwa kifua kikuu. Ni picha ya kifua tu.

Kuhusu kazi, mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa saa 16 kwa wiki, au kazi ya muda wote katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, akichagua mojawapo, na ni lazima mwajiri amwombee kibali. Waajiri wadogo wengi, wakisikia neno kibali, humgeukia mwanafunzi wa Kihispania ambaye hahitaji chochote. Usipange bajeti yako juu ya kazi ambayo hujaipata. Chumba chenye jiko la pamoja kinaweza kuzidi euro 500 kwa mwezi, na hilo pengo la ufadhili wako ni heri ulizibe ukiwa huko. Omba chumba kupitia chuo siku ile ile fomu inapofunguliwa, hata kama hujapata viza.

Binti wa Makadara

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Mombasa, niliolewa na Mholanzi na sasa ni mwaka wa tisa niko Delft, mtaa wa Hof van Delft. Nimeusoma uzi wote na ninaukubali, ila kaka yangu ameyaandika kana kwamba mtu akipata anwani basi amekwisha kuhamia. Mimi anwani nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya mume wangu, na mwaka ule wa kwanza ndio uliokuwa mgumu kuliko yote niliyoyaona maishani.

Hapa hakuna hodi. Kwetu mtu hupita akasikia harufu ya mahamri, akasema hodi, akaingia, akanywa chai, akaenda zake. Hapa nilikaa siku nne mfululizo bila mtu kugonga mlango isipokuwa tarishi wa vifurushi, naye alikuwa ameleta mzigo wa jirani. Nilipomwambia mama mkwe wangu kwamba nitapita kwake kesho, alifungua kitabu chake cha miadi, mbele yangu, akaniambia Jumatano ya wiki ya pili ingefaa. Nililia njiani nikirudi nyumbani. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba ile Jumatano alikuwa amenipa alasiri nzima, simu yake imezimwa, keki ameoka kwa mkono wake, na kwamba miadi kwake ilikuwa ndiyo heshima yenyewe. Lakini mtu asipoelezwa hayo, atajiona amefukuzwa.

Wanaokuja kwa njia ya ndoa wafahamu kwamba sisi mambo yetu ni tofauti na ya wenye kazi. Mimi nilifanya mtihani wa Kiholanzi cha awali na wa kuijua nchi nikiwa bado Kenya, kabla ya kupewa viza, na baada ya kufika ukaanza ule wajibu wa kujifunza lugha na jamii wanaouita inburgering. Kwa sheria iliyoanza Januari 2022 lengo la kawaida ni kiwango cha B1. Wengi huuona kuwa adhabu. Mimi darasa ndilo lililoniokoa, maana ndiko nilikopata marafiki wa kike: Mwiritrea, Mturuki, na Msuriname mmoja ambaye tulikuwa tukipeana sahani za chakula.

La mwisho ni saa za ibada, kwa Waislamu wenzangu. Mwezi wa Desemba Magharibi huingia karibu saa kumi na nusu, na unajikuta umeswali Alasiri na Magharibi ndani ya zamu moja ya kazi. Mwezi wa Juni jua huzama saa nne usiku na Isha husogea karibu na usiku wa manane. Mwenye mtoto mdogo na kazi ya asubuhi apange usingizi wake mapema.

Mtoto wa Ruvu

Dada yangu, wa alaykum salaam. Umenisahihisha na ninakubali, ingawa bado nashikilia kwamba upweke wa mtu mwenye BSN unatibika haraka kuliko wa asiye nayo.

Hilo la hodi limenikumbusha jirani yetu wa kule katikati ya mji, bibi mmoja mjane mwenye umri wa miaka themanini hivi. Miezi minne baada ya kuhamia alitualika chakula cha jioni, akasema tufike "half zeven". Sasa, sisi tuliolelewa na saa ya Kiswahili tayari tuna hesabu mbili kichwani, yetu na ya Kiingereza, na hapa inaongezeka ya tatu. Nikasikia saba, nikasikia nusu, nikaweka moja na moja: saba na nusu ya Wazungu, yaani saa moja na nusu usiku kwetu. Kumbe kwa Mholanzi nusu hiyo ni ya kuiendea saba, si ya kuipita. Alitutarajia saa kumi na mbili na nusu. Tulifika tukiwa na maua, tumechelewa saa nzima, tukamkuta amekaa mezani peke yake na supu imekwisha kupoa, naye hakusema neno la kutulaumu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Kilichoiokoa jioni ile ni vigae. Pembeni mwa meko yake kulikuwa na vigae vya bluu na vyeupe, vya kazi ya Delft, kila kimoja kikiwa na mchoro wake mdogo: mvuvi, ndege, mtoto anayecheza. Bibi alieleza kwamba kampuni ya Waholanzi ya biashara ya mashariki, VOC, ilikuwa na ofisi yake moja katika mji huu, na kwamba vyombo vya Kichina vilivyoletwa na meli zake ndivyo wafinyanzi wa hapa walivyoviiga, hasa vita vya China vilipozifanya shehena zipungue katikati ya karne ya 17. Mke wangu alikaa kimya kidogo, kisha akamwambia kwamba kwao, Kunduchi, kuna makaburi ya kale yenye nguzo ambazo mababu walizipamba kwa sahani za Kichina kama hizo, karne nyingi zilizopita. Yule bibi aliweka kijiko chini. Akaomba picha. Tukaitafuta kwenye simu, akavaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu, na tangu siku hiyo alikuwa akibisha mlango wetu bila miadi. Kwa hiyo hodi ipo, dada, ila huchelewa.

Sombe na Ugali

Mimi natoka Bukavu na ninaishi Delft mwaka wa sita. Nitasema ya chakula tu, kwa sababu wengine hufika na mizigo ya kilo arobaini ya unga bila sababu. Panda tramu au treni hadi The Hague, uende Haagse Markt, soko la wazi lililo kubwa sana, linalofunguliwa Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Mihogo, ndizi za kupika, bamia, pilipili, vyote vipo. Sombe, ambayo ninyi wa Tanzania mnaiita kisamvu, utaipata ikiwa imegandishwa katika maduka ya Waafrika, na unga wa mahindi pia. Maduka ya Wasuriname ni ndugu zetu wa karibu kuliko mnavyodhani. Roti yao na chapati yenu zina nyanya mmoja huko India. Delft yenyewe ina soko kila Alhamisi katika uwanja wa Markt, kati ya kanisa na jengo la manispaa ya zamani, na huko mimi hununua samaki na jibini. Dagaa ndio msiache kubeba.

Nesi wa Mwanza

Naomba kuuliza kuhusu afya, na pia kama muuguzi aliyesoma Tanzania anaweza kupata kazi huko.

Mtoto wa Ruvu

Dada, la uuguzi nitalijibu kwa ufupi kwa sababu si fani yangu: lazima uandikishwe katika daftari la wataalamu wa afya liitwalo BIG, na kwa aliyesoma nje ya Ulaya njia hiyo hupitia tathmini ya elimu yake na mtihani wa Kiholanzi cha kazini. Anza na lugha ukiwa Mwanza.

Kuhusu afya kwa jumla, kila anayefanya kazi hapa analazimika kuwa na bima ya msingi, na ana miezi minne ya kuikata. Msisubiri mwisho wa hiyo miezi mkidhani mnaokoa fedha, maana malipo huhesabiwa kuanzia siku wajibu ulipoanza. Kwa mtu mzima euro 385 za kwanza za matibabu kwa mwaka hutoka mfukoni mwake, isipokuwa kumwona daktari wa familia, huisarts, ambako hakuhesabiwi humo. Mtoto chini ya miaka 18 hakatwi malipo ya bima wala hizo 385. Mwanafunzi asiye na kazi hahusiki na bima hii, naye anatakiwa kuwa na bima ya wanafunzi.

Huisarts ndiye mlinzi wa lango. Huwezi kwenda moja kwa moja kwa daktari bingwa kama tunavyofanya Dar es Salaam. Ni lazima yeye akupe barua. Jiandikishe kwake ukiwa mzima, kwa sababu daktari aliyejaa hukataa wagonjwa wapya. Halafu ujiandae kisaikolojia kwa parasetamoli. Mwanangu alipokuwa na homa siku mbili, tulitoka kliniki na ushauri wa kumpa maji, kupumzika na kurudi kama haitapungua, na mke wangu, aliyezoea kutoka hospitali na mfuko wa dawa, alikasirika njia nzima. Homa ilipungua. Bado anasema ilikuwa bahati.

Fundi Bomba wa Dodoma

Kaka, kuna mtu ameniambia kwamba huko kuna hadi kodi ya kukaa chini ya bahari. Ni utani?

Mtoto wa Ruvu

Si utani sana. Maeneo mengi kuzunguka Delft yako chini ya usawa wa bahari, na yanayoyafanya yakae makavu ni mitambo ya kusukuma maji, mifereji na kingo zinazosimamiwa na bodi ya maji ya Delfland, ambayo imekuwapo tangu karne ya 13, yaani kabla ya serikali yenyewe ya Uholanzi. Bodi hiyo haisubiri bajeti ya waziri. Inatoza kodi yake yenyewe na ina baraza lake lililochaguliwa. Barua yake hufika kila mwaka, na mgeni asiyejua huitupa akidhani ni tangazo. Msiitupe.

Pamoja na kodi huja haki. Mkazi halali mwenye umri wa miaka 18 anaweza kupiga kura ya bodi ya maji hata kama si raia, wakati kwa uchaguzi wa manispaa, sisi tunaotoka nje ya Umoja wa Ulaya husubiri miaka mitano. Kwa hiyo karatasi yangu ya kwanza ya kura ugenini ilihusu maji. Mimi niliyetumia miaka minne Morogoro kuwashawishi watumiaji wa maji wa Mto Ruvu wakae kikao kimoja, wakulima wa juu na wafugaji wa chini, nilisimama katika kibanda cha kupigia kura, kalamu nyekundu mkononi, nikisoma orodha za watu wanaoshindana kwa sera za kina cha mifereji. Nilikaa humo mpaka msimamizi akakohoa.

Binti wa Makadara

Na wageni waambiwe kuhusu king'ora! Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa sita mchana, ving'ora vya tahadhari hulia nchi nzima kwa majaribio. Mimi mara ya kwanza nilijificha chini ya meza ya jikoni nikimwita mume wangu kwa simu, naye akaniuliza kwa utulivu kama ni Jumatatu.

Fundi Bomba wa Dodoma

Ndugu zangu, narudi kutoa taarifa. Chuo kimenipa chumba, mkataba umefika, na nimemuuliza mwenye nyumba swali lile kwa maneno yale yale. Amejibu kwa sentensi moja: ndiyo, unaweza kujiandikisha. Cheti changu kimetoka Wizarani jana. Chumba kiko ghorofa ya tatu, katika nyumba ya kale karibu na mfereji wa Oude Delft. Mama amenishonea godoro la sufi na hataki kusikia kwamba huko kuna magodoro. Je, niende nalo?

Mtoto wa Ruvu

Hongera sana, mdogo wangu. Godoro beba, usimvunje moyo mama, ila likunjwe na kufungwa kamba imara tangu Dodoma, na uniambie siku unayofika ili nije na kijana mwingine mmoja. Kwa ngazi halitapita. Mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kutumia kulabu, na muulize kama dirisha la ghorofa ya tatu linafunguka lote.